Habari Njema Juu ya Barafu

Habari ilitoka hospitali ya uzazi ya Naryn saa moja asubuhi, na saa moja na nusu ilikwishafika stendi ya teksi, tena kwa miguu. Aliyeileta ni muuza sambusa, dada yake mkunga, mwanamke ambaye hata akikuuzia sambusa iliyopoa kesho utarudi tu, kwa ajili ya maneno yake. Jypar amejifungua, alisema huku akifunua karai. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, nywele kichwa kizima. Mama mzima, mtoto mzima.

Madereva waliokuwa wakikanyagakanyaga theluji kulizunguka lile karai kila mmoja akatupa jicho upande lilipo gari lake.

Walikuwa na sababu. Jypar alikuwa mkwe wa bibi Sonunbubu wa Tash-Bulak, kijiji kilicho ng'ambo ya mlima Dolon, na nyumba ile ilikuwa imesubiri mtoto kwa miaka tisa. Sonunbubu alikuwa ametangaza sokoni, arusini na hata kwenye misiba ya watu: atakayekuwa wa kwanza kumfikishia habari, awe mtoto wa kiume au wa kike, suyunchu yake ni farasi jike wa kahawia. Suyunchu ni jambo la kila nyumba. Mwenye habari njema hulitamka neno hilo mlangoni kabla ya habari yenyewe, na mwenye nyumba hutoa zawadi. Mara nyingi ni kitambaa, au noti iliyokunjwa, au pakiti ya peremende. Lakini farasi mzima? Hakuna aliyewahi kuusikia ukarimu wa namna hiyo.

Simu zisingesaidia kitu. Dhoruba ya siku mbili ilikuwa imeangusha mnara na nyaya za umeme upande wa pili, na Tash-Bulak ilikuwa kiziwi. Ilibaki barabara, na barabara ilikuwa barafu.

Zarlyk, dereva wa miaka arobaini na minne mwenye gari dogo la Kijapani na mdomo mkubwa wa nyumbani, alisahau kurudishiwa chenji yake ya sambusa. Farasi yule alikuwa mjukuu wa farasi wa marehemu baba yake, aliyeuzwa mwaka ule wa njaa Zarlyk akiwa darasa la sita. Nyota nyeupe ya kwenye paji la uso ilikuwa ileile. Miaka yote kila alipopita Tash-Bulak alipunguza mwendo ili amwangalie juu ya ua, na abiria walidhani anaogopa mbwa.

Aliyemtangulia kutoka stendi ni Kubat, kijana wa gari refu la Kijerumani na tairi za kiangazi, ambaye hakungoja hata abiria. Aliondoka na gunia moja la mchele, nyuma ya gari ikiyumba kama mtu aliyetoka arusini.

Zarlyk alikuwa na abiria watatu ambao asingeweza kuwashusha. Nyuma walikaa mwalimu mstaafu na mkewe, watu wapole, waliolala kabla gari halijavuka daraja. Mbele, kwenye kiti cha heshima, aliketi Burulsun, aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ya chekechea kwa miaka thelathini, akienda Kochkor, ng'ambo ya mlima, kumwona dada yake. Alipoketi, gari liliinama upande wake. Alipanga koti, akapanga mkoba, halafu akavuta mkanda na kuufunga, *tak*.

Zarlyk alijisikia kama amechapwa kofi. Katika stendi ile mtu akifunga mkanda ni sawa na kumwambia dereva kwamba ameshamwona atakavyomuua.

"Apa," alisema, kwa sababu hata ukiudhika mama wa umri ule utamwita mama. "Miaka kumi na tisa napanda Dolon. Sijawahi kumwangusha hata kuku."

"Sijafunga kwa ajili yangu, mwanangu. Nimefunga kwa ajili yako. Nina kilo tisini na nane. Nikikuangukia kwenye kona, usukani atashika nani?"

Zarlyk aliwasha gari. Yeye mwenyewe mkanda wake ulikuwa haujaguswa tangu alinunue gari lile, na kwenye kitundu cha kufungia alikuwa amechomeka kile kichuma cha uongo ambacho kila dereva hununua ili kengele ya mkanda inyamaze. Humo kwenye kitundu, kwa miaka minne, yalikuwa yakidondokea pia maganda ya mbegu za alizeti, maana Zarlyk hakuweza kuendesha gari bila kutafuna, wala kutafuna bila kuongea.

Na kwa kuwa hakuweza kukaa na jambo, kabla hawajafika nusu ya mlima Burulsun alikwishajua yote: Jypar, miaka tisa, farasi, baba yake, nyota. Alisikiliza kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akauliza swali moja tu. Je, farasi hupewa aliyeileta habari au aliyeitamka?

Zarlyk alimjibu kwamba ni mdomo wa kwanza. Ndiyo desturi. Hata ukiwa umeibeba kilomita mia, akikuwahi mtoto mdogo kwa neno lenyewe, suyunchu ni ya mtoto.

"Ala," alisema Burulsun, akatulia.

Kileleni upepo ulikuwa umefagia theluji yote na kuiacha lami ikimeta. Chini, mzunguko wa tatu, Zarlyk aliona taa nyekundu za Kubat zikichungulia na kupotea. Hakuwa mbali. Bila kufikiri alifanya walichofanya wenzake wote wateremkapo Dolon, ili kubana mafuta na kuongeza mbio: akatia nyutro, gia isiyoshika injini. Injini ikanong'ona. Gari likaanza kujiendea lenyewe, laini, kama linateleza juu ya maziwa.

Burulsun aligeuza shingo polepole.

"Gari limenyamaza."

"Linapumzika, apa."

"Marehemu mume wangu naye alikuwa akinyamaza hivyohivyo, na kila mara kulikuwa na kitu anachofanya. Rudisha sauti."

Zarlyk alitaka kumweleza mambo ya mafuta, mambo ya mteremko, mambo ya farasi. Lakini yule mama alikuwa amewatuliza watoto mia mbili kwa siku kwa miaka thelathini, na alimtazama kama anayengoja amalize uji. Mkono wa Zarlyk ukarudi kwenye gia wenyewe. Namba tatu, kisha mbili. Injini ikanguruma kwa uchungu, mwendo ukapungua, na taa nyekundu za Kubat zikapotea kabisa. Kwaheri, mjukuu wa farasi wa baba. Alitema ganda la alizeti akalikosa kopo la majivu.

Kona ya tatu kutoka kileleni, upande wa Kochkor, jua haliifikii majira yote ya baridi, na chemchemi ndogo inayovuja mwambani humwagika barabarani na kuganda. Barafu yake haionekani. Unaona lami nyeusi, safi, imelowa kidogo. Zarlyk aliijua kona ile kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Asichokijua ni kwamba siku hiyo mlangoni palikuwa na mtu.

Gari la Kubat lilikuwa limelala kukata barabara, mkia umening'inia nje ya ukingo, tumbo limekalia tuta la theluji.

Zarlyk hakukanyaga breki. Baadaye alipoulizwa alijigamba, lakini ukweli ni kwamba mguu uliganda. Injini iliyokuwa namba mbili ililivuta gari nyuma kama mtu anayemshika mwenzake koti. Misumari iliyopigiliwa kwenye tairi zake za baridi ikakwaruza, ikashika, ikaachia. Gari likajipinda kushoto, na kilo zote tisini na nane zikamwelekea yeye. Alizihisi zikija. Mkanda ukazidaka. Bega la Burulsun likaishia shubiri moja kutoka kwenye kiwiko chake, likarudi, na mikono ya Zarlyk ikabaki na nafasi ya kuuzungusha usukani kuelekea mlimani, kwenye theluji laini iliyolundikwa na magari ya kufagia. Pua ya gari ikazama humo kwa mlio kama wa mtu kukaa juu ya mto.

Kati yao na gari la Kubat palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Nyuma, mke wa mwalimu aliuliza kama wameshafika.

Zarlyk alitazama mikono yake. Alitazama mkanda uliokuwa umejikaza kwenye koti la Burulsun. Kisha akakichomoa kile kichuma cha uongo, akakitumbukiza kwenye kopo la majivu, na akashuka.

Kubat alikuwa ameketi barabarani, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo, damu ikimchuruzika kutoka kwenye nyusi. Alikuwa amekipiga kioo kwa kichwa, na kioo kilikuwa na alama ya duara kama utando wa buibui.

"Kaka Zarlyk," alisema taratibu. "Mimi nimekufa?"

"Maiti hazina maswali," Burulsun alimjibu, amekwisha kushuka, na akamfunga nyusi kwa leso yake kwa nguvu kiasi kwamba kijana aliamini kuwa yu hai.

Alipopata akili kidogo Kubat aliangalia pua ya gari lake, akaangalia mwamba. Katikati palibaki upenyo. Gari refu lisingepita, ila dogo la Kijapani likivutwa kutoka kwenye theluji, lingepita bila kukwaruzwa.

"Pita, kaka," alisema. "Mimi sina changu tena. Farasi ni wako."

Zarlyk aliutazama ule upenyo. Ng'ambo yake barabara iliteremka tupu hadi Tash-Bulak. Nusu saa, labda dakika arobaini. Kisha akageuka akatazama juu walikotoka, kwenye kona isiyoonyesha kitu, na akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyotokea pale. Nyuma yake stendi nzima ilikuwa njiani. Na nani kati yao asingekuwa ametia nyutro?

Alimwomba mke wa mwalimu kitambaa chake chekundu cha kichwani, akaanza kupanda mlima kwa miguu akikipeperusha kwenye upepo, huku akiteleza na kujishika mwamba. Alisimama mahali ambapo mtu humwona kabla ya kona, akapunga. La kwanza lilikuwa gari la jirani yake, linateremka kimya kabisa. Lilimpita likiburuza tairi, likasimama hatua kumi tu kabla ya kona. Jirani alishuka kutukana, akachungulia kona, akarudi mweupe na kumkumbatia. La pili likasimama mapema zaidi. La tatu. Kufikia saa sita yalikuwa magari kumi na moja, la kwake likiwamo, yamepangana kama ng'ombe mlangoni pa zizi, na hakuna hata moja lililogusa jingine.

Hapo sasa palikuwa na watu. Na watu wa Naryn wakikwama mahali hawakai njaa. Chupa za chai zilitoka, boneti moja ikatandikwa kitambaa, pakawekwa mandazi, siagi, nyama ya farasi iliyokatwa vipande vyembamba, na mtu mmoja akatoa mtungi wa jamu aliokuwa akimpelekea mama mkwe wake. Wanaume walifunga kamba wakalivuta gari la Zarlyk kutoka kwenye theluji, kisha la Kubat kutoka ukingoni, kila mmoja akitoa amri na hakuna wa kuitii, mpaka Burulsun alipoanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Likatoka. Lilikuwa limepinda gurudumu la mbele, lakini lilisogezwa kando, na Kubat akapewa viatu vya mwalimu vya akiba na kiti katika gari la mwingine. Wote walicheka sana, zaidi ya kilichokuwa kinachekesha, kama wachekavyo watu walioponea chupuchupu.

Na katika kicheko hicho Zarlyk akafanya kosa. Mbele ya kadamnasi ya namna ile, na kikombe cha chai mkononi, hakuweza kujizuia. Akaeleza. Jypar, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, nywele kichwa kizima. Waliotoka stendi walikuwa wanajua tayari na walikuwa wamefumba midomo kama yeye. Waliotoka kwingine ndio kwanza walisikia. Alipofika kwenye farasi aliona macho ya watu yakibadilika, akataka kuyameza maneno, lakini yalikuwa yameshatoka. Habari sasa ilikuwa kwenye vinywa arobaini.

"Unamwaga mchuzi kabla ya wageni kuketi," Burulsun alimnong'oneza.

Lori la mchanga lilifika saa nane, likinyunyiza mchanga na chumvi nyuma yake. Dereva wake alisema watateremka wote kwa mstari, namba mbili, hakuna kupitana, na atakayejaribu atamfungulia mchanga kwenye kioo. Zarlyk akawa wa kwanza nyuma ya lori, maana ndiye aliyekuwa mbele. Kabla ya kuondoka alivuta mkanda wake, akauangalia kama anaangalia nyoka, na akaufunga. Burulsun alitazama nje dirishani na kuanza kuimba kwa mbali, kwa puani.

Waliteremka saa nzima. Ulikuwa mwendo wa maiti, ila hakuna aliyekuwa maiti. Bonde lilifunguka, moshi wa Tash-Bulak ukaonekana, na pale kwenye ua wa mwisho, kichwa cha kahawia chenye nyota nyeupe kikainuka kuwatazama.

Lori lilipinda kando. Mara magari yote kumi yaliyokuwa nyuma ya Zarlyk yakaacha mstari, yakaenea uwanjani mbele ya nyumba ya Sonunbubu kama magari ya arusi, milango ikafunguka, watu wakaanza kukimbia kwenye theluji inayofika magotini, kila mmoja amefungua kinywa.

Zarlyk alibonyeza kitufe cha mkanda. Hakikubonyea. Akabonyeza kwa vidole viwili, kwa gumba, kwa ngumi. Maganda ya alizeti ya miaka minne yalikuwa yamejaa humo na baridi ilikuwa imeyashindilia. Alivuta, akajipinda, akaufungua mlango na kutoa mguu mmoja nje, akabaki ananing'inia kama mbuzi aliyefungwa. Jirani yake alimpita mbio. Dereva wa lori alimpita. Hata mwalimu mstaafu, mtu mpole yule, alimpita.

Kushoto kwake akasikia *tak*. Mkanda usiodondokewa na maganda hufunguka mara moja.

Watu wa Tash-Bulak wanasimulia mpaka leo. Wanasema mama yule hakukimbia, aliteleza. Alikaa juu ya mkoba wake kwenye mteremko wa mbele ya nyumba, akajisukuma, na kilo tisini na nane zikashuka katikati ya wanaume kama kigari cha watoto, mpaka miguuni mwa Sonunbubu aliyekuwa ametoka mlangoni na bakuli mkononi, uso umemkauka kwa woga, maana magari kumi hayaji mara moja ila kwa msiba.

"Suyunchu," alisema Burulsun akiwa bado ameketi chini. "Una mjukuu. Wa kike. Wote wawili wazima."

Sonunbubu aliketi palepale kwenye theluji kando yake, mama wawili chini, akamshika mkono. Alilia kwanza. Kisha akaanza kucheka, na kwa kucheka kwake uwanja mzima ukalipuka.

Alipoelezwa ya mlimani, kona, kitambaa chekundu, magari kumi na moja, alisimama akajaza bakuli lake maji. Desturi ni kwamba aliyenusurika huzungushiwa maji juu ya kichwa mara tatu, na maji humwagwa nje ya njia, yaende na balaa lake. Akamzungushia Kubat na nyusi yake. Akamzungushia Burulsun. Kisha akauliza yuko wapi huyo aliyesimamisha magari, na watu wakamwonyesha. Ikabidi aende mwenyewe kwenye gari, aingize bakuli dirishani na kulizungusha juu ya kichwa cha Zarlyk mfungwa, huku nusu ya maji ikimwingia shingoni.

Burulsun ndiye aliyemfungua. Kwa pini ya nywele aliyachokoa maganda moja moja, akiyapanga kwenye dashibodi ili kila mtu ayaone.

"Farasi ni wangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mdomo wa kwanza. Uliniambia mwenyewe."

"Ni wako, apa." Na ajabu ni kwamba hakuumia alivyotarajia. Mikono yake bado ilikuwa ikihisi ule usukani.

"Lakini mimi naishi ghorofa ya nne. Atapanda ngazi? Basi atakaa kwako. Mtoto wake wa kwanza ni wako, na maziwa ya kiangazi tutagawana. Ila sikiza, mwanangu." Akachomoa ganda la mwisho, na mkanda ukaachia. "Siku nikisikia umetia nyutro juu ya Dolon, nakuja na kamba kumchukua."

Zarlyk alicheka. Utasikia wapi, apa, mlimani kule?

Burulsun aliashiria kwa kichwa kuelekea uwanjani, ambako madereva kumi walikuwa wameacha kunywa chai na walikuwa wakisikiliza, masikio yamesimama kuliko ya farasi.

Kondoo alichinjwa. Nyumba ya Sonunbubu ililala watu thelathini na wanane usiku huo, wengine wamekaa kwa sababu hapakuwa na pa kujinyoosha, na asubuhi Zarlyk aliongoza farasi jike wa kahawia kwa kamba hadi zizi la binamu yake wa kijiji jirani, kungoja barabara ifunguke vizuri.

Siku hizi anateremka Dolon namba mbili, injini inanguruma hadi bonde linaitikia. Wenzake wanampita wakipiga honi, wakishusha kioo na kumwuliza kama farasi hajambo. Hajambo, anawajibu, ana mimba. Kila anayempita hutega sikio kwanza, kusikiliza kama gari limenyamaza, kwa sababu hakuna mtu katika stendi ya Naryn asiyetamani kuwa wa kwanza kupeleka habari hiyo ghorofa ya nne.